Mikono Isiyosikika

Ubavuni mwa kila kasha la kanda lililotoka kwenye ghala la RCA kuna namba. Nyimbo alizorekodi Elvis Presley mwaka 1956 zina namba zinazoanza na herufi G. Za 1957 zinaanza na H, na za 1958 zinaanza na J, maana herufi I ilirukwa. Nyuma ya kasha, fundi mitambo wa siku ile aliandika kwa kalamu jinsi kila jaribio lilivyokwenda: hili lilikatika mwanzoni, hili lilikwenda mbali kidogo kisha likakatika, hili lilifika mwisho. Mtu anayeandaa toleo jipya la rekodi hizo huanzia hapo. Kabla ya kubonyeza kitufe chochote, anasoma.

Kazi hii nimeipenda kwa miaka mingi, na kila ninavyozidi kuifuatilia ndivyo ninavyoona inavyotajwa kidogo. Mwimbaji husifiwa, mpiga gitaa husifiwa, na prodyuza wa siku hizi wakati mwingine ana jina kubwa kuliko mwimbaji. Lakini yule anayeketi na kanda miaka 50 baadaye, akahakikisha kwamba tunachokisikia ndicho kilichosikika chumbani usiku ule, jina lake hukaa ukurasa wa mwisho wa kijitabu, kwa herufi ndogo. Makala haya ni yake.

Elvis alifariki Memphis tarehe 16 Agosti 1977, akiwa na umri wa miaka 42. Tangu hapo santuri na CD zake hazijaacha kutoka, na nyingi ni nyimbo zilezile ndani ya jalada jingine. Mwaka 1999 ikaanzishwa lebo ndogo ya namna tofauti, Follow That Dream, iliyopewa jina la filamu yake ya 1962, chini ya kampuni iliyokuwa ikimiliki kanda za RCA, ambazo leo ziko mikononi mwa Sony. Lebo hiyo haikuundwa kwa ajili ya msongamano wa maduka makubwa. Wateja wake ni wakusanyaji, watu ambao wimbo uliotoka wanaujua kwa moyo na sasa wanataka kusikia jaribio la tatu, la saba na la kumi na mbili, na kujua kwa nini hayakuchaguliwa. Waliosimamia kazi hiyo walikuwa wawili: Ernst Jørgensen wa Denmark na Roger Semon wa Uingereza.

Jørgensen alianza kama shabiki. Miaka ya 1970, yeye na Wadenmark wenzake wawili walijipa kazi ya kuorodhesha kila siku ambayo Elvis aliingia studio: tarehe, mji, nani alipiga besi, nani alikaa kwenye piano, wimbo gani ulitangulia na upi ulifuata. Ghala lilikuwa ng'ambo ya bahari na wao hawakuwa na ufunguo wake. Orodha ile ikakua mwaka hadi mwaka, na hatimaye kampuni ikamfungulia mlango mtu aliyekuwa akiijua mali yake kuliko yenyewe. Mwaka 1992 yeye na Semon walitoa kasha la CD tano lenye nyimbo 140 za miaka ya 1950. Za miaka ya 1960 zikafuata mwaka 1993, na za miaka ya 1970 mwaka 1995. Kitabu chake cha 1998, *A Life in Music*, kinafuata vikao vyote vya kurekodi, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Ninacho, na nakifungua mara nyingi kuliko wasifu wowote wa Elvis, kwa sababu maisha ya mwimbaji yamo zaidi katika saa alizosimama mbele ya maikrofoni kuliko katika magari aliyonunua.

Ghala lenyewe lina mapengo makubwa, na anayefanya kazi hii lazima akubaliane nayo mapema. Sam Phillips, mwenye studio ya Sun iliyokuwa namba 706 Union Avenue mjini Memphis, hakuwa na fedha za kuchezea. Kanda ilikuwa ghali. Wimbo ukishapatikana, kanda yenye majaribio yaliyoshindikana ilifutwa na kurekodiwa kitu kingine juu yake. Ndiyo maana vikao vya Julai 1954, pale kijana wa miaka 19 alipoimba "That's All Right" ya Arthur Crudup akiwa na Scotty Moore kwenye gitaa na Bill Black kwenye besi, bila ngoma, vimetufikia vipande vipande. Novemba 1955 RCA ilinunua mkataba wa kijana huyo kwa dola 35,000, pamoja na kanda zilizokuwapo. Lakini baadhi ya kanda halisi za nyimbo zilizotolewa na Sun hazipo tena popote, na chanzo pekee kilichobaki ni santuri yenyewe iliyouzwa dukani.

RCA nayo, pamoja na utajiri wake wote, haikuona sababu ya kutunza kila kitu. Tarehe 2 Julai 1956, mjini New York, Elvis aliimba "Hound Dog" mara 31 kabla ya kuridhika. Siku hiyohiyo "Don't Be Cruel" ilichukua majaribio 28. Tunalo la 31 na tunalo la 28. Yaliyotangulia hayapo. Nikiwaza kuhusu siku ile, kinachoniuma zaidi si kwamba makosa yale yangekuwa matamu. Nataka kujua jinsi wimbo uliokuwa umeimbwa kwa uzito na Big Mama Thornton, na ambao Elvis alikuwa akiuchezea jukwaani kama kichekesho, ulivyogeuka kuwa kitu kikali namna ile ndani ya saa chache. Njia ilikuwamo ndani ya majaribio yale 30. Kwa hesabu za 1956, kilichouzwa kilikuwa kimoja, na vingine vilikuwa ni kanda inayojaza rafu.

Kuna wakati bahati iliingilia. Mapema mwaka 1957, kwenye studio ya Radio Recorders huko Hollywood, rekodi rasmi ilikuwa ya njia moja (mono), maana redio na santuri za vijana zilikuwa za njia moja. Lakini pembeni ilikuwapo mashine nyingine ikirekodi kwa njia mbili, kama akiba. Hakuna aliyekusudia kuuza kile ilichonasa. Miaka 30 baadaye kanda zile zilipopatikana na kutolewa, watu walisikia chumba kikifunguka: mwimbaji upande mmoja, wenzake upande mwingine, na kati yao nafasi ambayo hakuna aliyeijua.

Pengo la kukosa kanda ni jambo moja. Jingine, ambalo kwa maoni yangu lilileta hasara kubwa zaidi, ni mikono ya watu walioipata kanda nzima wakaona haitoshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 RCA ilichukua albamu za Elvis za njia moja ikazigeuza kwa mitambo zionekane za stereo: sauti za chini zikasukumwa upande mmoja, za juu upande mwingine, na juu yake ukamwagwa mwangwi. Mwaka 1965 ulipohitajika wimbo wa kujaza albamu, ilitolewa "Tomorrow Night", ambayo Elvis aliiimba Sun mwaka 1954 kwa upole mno, karibu peke yake. Ikakatwa, ikaongezewa vyombo na waitikiaji, ikatoka imevaa nguo za muongo mwingine. Mwaka 1981, zaidi ya miaka mitatu baada ya mazishi, albamu *Guitar Man* ilitoka na sauti ya marehemu ikiwa imewekewa bendi mpya kabisa. Na mwaka 2015 aliwekewa okestra nzima, Royal Philharmonic ya London. Waliofanya hivyo hawakuwa wabaya. Waliamini kwamba wanamsaidia.

Wafanyakazi ninaowasifu hapa wanafanya kinyume. Wao ni kama seremala wa Mji Mkongwe aliyepewa mlango uliochongwa karne iliyopita, ukiwa umepakwa rangi ya mafuta mara nne, akaanza kuikwangua tabaka kwa tabaka na kusimama pale mti unapoonekana. Hachongi ua jipya mahali palipokatika. "Tomorrow Night" ilirudishwa ilivyokuwa mwaka 1985, na mtu akiisikiliza leo atashangaa jinsi utupu wake unavyojitosheleza: sauti changa, gitaa hafifu, na muda kati ya mistari. Anayeweza kuuacha muda ule ubaki mtupu amejua kazi.

Kuacha huko kunahitaji maarifa mengi, na hapa nataka kukaa kidogo.

Kanda husomwa na kichwa cha chuma kilichogusana nayo. Kichwa hicho lazima kisimame kwa pembe ileile iliyokuwa ya kichwa kilichorekodi. Kikiinama kidogo tu, muziki utaendelea kusikika na msikilizaji wa kawaida hatalalamika, lakini sauti za juu zitakuwa zimezimika: matoazi, kucha juu ya waya, pumzi ya mwimbaji kabla ya neno. Kwa hiyo fundi huwasha kanda, husikiliza, hugeuza skurubu kwa kiasi kidogo sana, husikiliza tena. Kila kanda ina pembe yake, kwa sababu kila studio ilikuwa na mashine yake. Anayeipitisha kanda ya Memphis na ya Hollywood kwenye mashine moja bila kugusa kitu amekwisha kuiharibu mojawapo.

Kanda za miaka ya 1950 hukauka na kukatika. Za miaka ya 1970 zina ugonjwa mwingine: gundi inayoshika chembe za sumaku hunyonya unyevu wa hewa na kuwa nta, na kanda ikipitishwa mashineni hulia na kuacha mabaki kwenye kichwa. Dawa yake inastaajabisha kila anayeisikia mara ya kwanza. Kanda huwekwa kwenye tanuri yenye joto dogo, kama nyuzi 54, kwa saa kadhaa, hadi unyevu utoke. Kisha inakuwa na muda mfupi wa uzima, na ndani ya muda huo inapigwa na kunakiliwa kwa uangalifu wote, kwa sababu kila tanuri inaweza kuwa ya mwisho.

Halafu kuna kasi. Mashine za zamani hazikuzunguka sawasawa, na nakala iliyotolewa kwenye nakala ya nakala hubeba makosa ya zote. Fundi ana njia zake za kukagua. Umeme wa Marekani hupigapiga mara 60 kwa sekunde, na mpigo huo huingia kwenye kanda kama mngurumo hafifu chini ya muziki. Ukiupima ukakuta 61, kanda inakimbia. Piano iliyosawazishwa vizuri nayo ni shahidi. Tofauti inaweza kuwa ndogo kiasi kwamba hakuna anayeweza kuitaja, lakini mwili unaijua: mwimbaji anaonekana mwepesi kidogo, kijana kidogo, ana haraka asiyokuwa nayo.

Sisi wa pwani tuna sababu yetu ya kulijali jambo hili. Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya HMV, na walichokiacha ni santuri za zama zile ambazo kwa jina ni za mizunguko 78 kwa dakika, ingawa kwa kweli santuri nyingi za wakati huo hazikuwa 78 kamili. Ukiipiga kwa kasi isiyo yake, Siti anakuwa mwanamke mwingine, na udi unakuwa udi mwingine. Mwaka 2007 Topic Records ya Uingereza ilitoa CD ya muziki wa Waswahili wa kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1950, iliyoandaliwa na Janet Topp Fargion kutoka santuri za Maktaba ya Uingereza. Nikiisikiliza nasikia uangalifu uleule: mikwaruzo imepunguzwa na sauti ya mwanamke yule wa Fumba imeachwa isimame. Wasifu wake tuliandikiwa na Shaaban Robert. Sauti yake inamhitaji fundi kila kizazi.

Narudi Memphis. Mwangwi wa Sun, ule unaofanya gitaa la Moore lionekane linajijibu, ulitengenezwa kwa mashine mbili za Ampex. Sauti ya chumba iliingia kwenye ya kwanza. Sehemu yake ilipelekwa kwenye ya pili, ikaandikwa kwenye kanda, na kichwa kingine kilichokaa mbele kidogo kikaisoma na kuirudisha ichanganywe na sauti ya asili. Umbali ule mfupi kati ya vichwa viwili, pamoja na mwendo wa kanda, ndio uliozaa kipigo cha pili. Yote yakamiminwa kwenye njia moja. Hapakuwa na njia ya kutenganisha sauti na mwangwi wake baadaye, na Phillips hakuihitaji, kwa sababu aliamua papo hapo. RCA ilipozitoa upya baadhi ya nyimbo za Sun iliongeza mwangwi wake juu ya wa Phillips, na kwa miaka mingi watu walidhani hiyo ndiyo sauti ya Sun. Kurudisha mwangwi mmoja badala ya miwili kulimlazimu mtu atafute kanda iliyotangulia nyongeza hiyo, au santuri ya Sun yenyewe, safi kadiri ilivyowezekana, na kuipiga kwa sindano iliyochaguliwa kufuata upana wa mfereji wake.

Na mvumo. Kila kanda ya zamani ina mvumo kama upepo wa mbali. Programu za kompyuta zinaweza kuufuta wote, na miaka ya 1980 na 1990 zilitumiwa hivyo bila huruma. Mvumo unapoondoka wote, mwisho wa kila noti unaondoka nao, ule mkia wa sauti unaotuambia ukuta uko umbali gani. Kinachobaki ni mwimbaji ndani ya pamba. Baadaye likaja balaa la kupandisha sauti, kila CD ikitaka kuwa na kelele kuliko ya jirani, hadi pale palipokuwa na kunong'ona na kupaza sauti vikawa sawa. Ndiyo maana nathamini kazi ya Vic Anesini, fundi wa Sony, aliyeandaa kasha la 2010 lenye CD 30: nyimbo 711 zilizokamilika na rekodi 103 adimu. Kati ya wimbo wa 1954 na wa 1976 hapo kuna vyumba, mashine na maikrofoni za kila aina, na hakujaribu kuvifanya vyote vifanane. Mvumo upo pale ulipokuwa. Sauti ikiwa ndogo ameiacha ndogo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kitu kidogo mno. Mwaka 1953 Elvis, akiwa ndiyo kwanza amemaliza shule, aliingia kwenye studio ya Phillips akalipa karibu dola 4 ajirekodie nyimbo mbili kwenye diski moja, "My Happiness" upande huu na wimbo mwingine upande ule. Diski za aina ile zilikuwa bamba la chuma lililopakwa laki laini, na kila inapopigwa sindano huichimba. Ilibaki kwa rafiki yake wa shule kwa miongo kadhaa. Januari 2015 iliuzwa kwa mnada Graceland kwa dola 300,000, na aliyeinunua alikuwa mwanamuziki Jack White. Angeweza kuiweka kabatini. Badala yake ilinakiliwa Nashville na Alan Stoker, fundi wa makumbusho ya muziki wa kantri, na Aprili mwaka huohuo White akaitoa upya kwenye santuri ya inchi 10, ya mizunguko 78, yenye lebo iliyoiga ile iliyopigwa taipu mwaka 1953. Mikwaruzo imo. Mvulana anaimba akiwa na woga, gitaa lake mwenyewe halina uhakika, na fundi hakumpa ujasiri ambao hakuwa nao siku ile.

Upande wa karatasi, kilele ni *A Boy from Tupelo*, ambayo Follow That Dream iliitoa mwaka 2012: CD tatu zenye kila kilichosalia kati ya 1953 na 1955, na kitabu cha kurasa zaidi ya 500. Huko ndiko Jørgensen alikomwaga miaka yake ya kutafuta. Magazeti ya miji midogo ya Texas, Arkansas na Mississippi, matangazo ya maonyesho kwenye kumbi za shule, tiketi, picha zilizopigwa na wasichana waliosimama mbele, yote yamepangwa kwa siku. Msomaji anaweza kufuata gari la vijana watatu kutoka Shreveport, kwenye kipindi cha redio cha Louisiana Hayride, hadi mji unaofuata, na kuona wapi walikosa usingizi na wapi jina la Elvis liliandikwa vibaya kwenye bango. Diski mojawapo iliyomo ilirekodiwa kwenye kituo cha redio mjini Lubbock mapema mwaka 1955, ikiwa na nyimbo mbili ambazo Sun haikuzitoa kamwe. Bila mtu aliyeuliza, diski ile ingekuwa kifuniko cha chungu mahali fulani.

Ninapotaka kumweleza mtu kwa nini majaribio yaliyoachwa yana thamani, humpeleka Nashville, usiku wa kuamkia tarehe 4 Aprili 1960. Elvis alikuwa ametoka jeshini mwezi uliopita. Kwenye mitambo alikaa Bill Porter, na kufikia asubuhi walikuwa wamekamilisha nyimbo 12. Kanda za kikao hicho, tofauti na za 1956, zilitunzwa. Katika "It's Now or Never" noti ya mwisho ya juu ilimsumbua. Porter alisimulia baadaye kwamba alimpa njia rahisi: aimbe mwisho peke yake, kisha kanda iunganishwe. Elvis alikataa. Ataimba wimbo mzima au hataimba kabisa. Ukisikiliza majaribio kwa mfuatano unaisikia kauli hiyo ikigeuka kuwa jasho. Kisha karibu saa kumi alfajiri taa zilizimwa studio nzima kwa ajili ya "Are You Lonesome Tonight?", na unapojua kwamba walikuwa gizani, ukimya wa wapigaji unaeleweka.

Au Memphis, Januari na Februari 1969, kwa Chips Moman kwenye studio ya American. Hapo ilitumika mashine ya njia nane, kwa hiyo bendi ilirekodi kwanza, na fidla, tarumbeta na waitikiaji wakaongezwa baadaye. Toleo la wakusanyaji linatupa "Suspicious Minds" kabla ya nyongeza. Sikubaliani na wale wanaosema kwamba lililo tupu ndilo la kweli na lililopambwa ni uongo. Tarumbeta za wimbo ule ni sehemu ya ukubwa wake. Lakini bila hizo nasikia Reggie Young anavyoufungua wimbo kwa gitaa, na nasikia jinsi mwimbaji aliyekwisha kutumia miaka kwenye nyimbo hafifu za filamu anavyogundua, ndani ya chumba kidogo kwenye mtaa wa kawaida, kwamba bado anaweza. Ugunduzi huo ulikuwapo kwenye kanda tangu mwanzo. Ulikuwa umefunikwa.

Si kila kinachotolewa kinastahili. Kati ya 1969 na 1977 Elvis alifanya maonyesho zaidi ya 1,000, na mengi yalinaswa moja kwa moja kutoka kwenye mikisa, kwa matumizi ya timu yake tu. Kwenye kanda hizo sauti yake iko karibu mno na umati uko mbali, na orodha ya nyimbo hubadilika kidogo tu kutoka mji hadi mji. Machache yana moto wa ajabu. Mengine yanamwonyesha mtu mgonjwa akimaliza kazi, na nadhani ghala lingetosha kuyahifadhi. Bei nayo ni mzigo: matoleo haya huchapishwa kwa idadi ndogo, yakiisha yanapanda bei, na msikilizaji wa Tanga au Nakuru anabaki kusoma habari zake tu.

Kwa bahati nzuri, *A Boy from Tupelo* haikuachwa hivyo. Mwaka 2017 Sony iliitoa tena kwa bei ya mtu wa kawaida, kitabu kikiwa kimefupishwa lakini nyimbo zote zikiwapo. Anayetaka kuanza aanzie hapo, na "Blue Moon of Kentucky". Bill Monroe aliitunga katika mwendo wa wolsi. Vijana wa Sun waliijaribu kwanza polepole, na jaribio hilo lilinusurika kufutwa, pamoja na sauti ya Sam Phillips mwishoni akiwapongeza kwa furaha. Apige hilo, kisha bila kusubiri apige lililotoka kwenye santuri mwezi ule wa Julai 1954, lile la mbio, na kitabu akifungue baadaye.